Kichekesho cha nusu saa au tamthilia ya siku tano? Nilivyomchagulia dadangu

Dadangu alirudi Mombasa baada ya miaka sita ya kazi Doha. Siku ya tatu, mitandio imekwisha kugawiwa na masanduku yamepandishwa juu ya kabati, akaniuliza: "Kakangu, watu huku siku hizi watazama nini? Nataka kitu nikae nacho mimi na watoto na bibi yao. Lakini sitaki cha kunifunga miguu."

Swali hilo kwangu si dogo. Nimekulia Majengo wakati nyumba yenye runinga ilikuwa ya mtaa mzima, na usiku wa kichekesho cha Vitimbi dirisha lilijaa vichwa. Kinachotazamwa na watoto pamoja na bibi yao jioni baada ya jioni huingia katika mazungumzo ya nyumba. Watoto hukirudia mezani, bibi hukitolea hukumu, na maneno yake hubaki. Nilitaka wapwa zangu, waliokuwa wamezoea katuni za Kiingereza, wapate kitu chenye lugha yao.

Dadangu amepata kazi katika hoteli moja Nyali, na siku tatu kwa wiki huwa zamu ya jioni. Nikamwambia anipe wiki moja. Nikachagua vichekesho vitatu na tamthilia tatu: Papa Shirandula, Vioja Mahakamani na Njoro wa Uba upande huu, Maria, Sultana na Kina upande ule. Vingine vilikwisha zamani, lakini sehemu zake bado zapatikana, na kwa mtu aliyekuwa ng'ambo vyote ni vipya. Kila usiku nilitazama cha kuchekesha kimoja na cha kuliza kimoja, bibi kitini pake, wapwa wawili mkekani, na dadangu akiwepo siku za mapumziko yake.

Nilidhani tofauti kubwa itakuwa kicheko na machozi. Kumbe ni saa.

Maria, na Zora na Sultana zilizofuata, zilipeperushwa katika runinga ya Citizen Jumatatu hadi Ijumaa saa moja na nusu usiku, mara tu baada ya taarifa ya habari ya Kiswahili. Bara saa hiyo ni ya mtu kutoka kazini na kukaa. Kwetu ina mambo. Adhana ya isha huingia papo hapo au karibu yake. Aliyefanya kazi ng'ambo ya Likoni bado yuko kwenye foleni ya feri. Mwenye kukaanga viazi karai barazani ndiyo kwanza wateja wamejaa. Basi tamthilia yetu hutazamwa na mtu anayeinuka na kurudi. Bibi huenda kuswali, akirudi huuliza, "Haya, huyu amefanyaje tena?"

Hapo ndipo wiki hiyo ilinigeuza maoni. Siku zote nilisema tamthilia ndiyo inayodai utulivu, na kichekesho waweza kukitazama huku wakunja nguo. Ni kinyume. Tamthilia ya kila siku imeandikwa kwa ajili ya mtu anayeinuka. Siri ikifichuka, utaisikia kwa mwenye kuifichua, kisha kwa rafiki yake, kisha kwa simu, na kesho yake kuna dondoo za jana kabla ya mambo kuendelea. Bibi aliswali rakaa zake nne na sunna, akarudi, na ndani ya dakika mbili alikuwa amejua kila kitu. Kichekesho hakina subira hiyo. Papa Shirandula huanza na uongo mmoja mdogo, na ukikosa dakika tano za mwanzo, kicheko cha mwisho kitakupita. Mpwa wangu mdogo alikwenda kuchota maji, akarudi akatukuta tunashika mbavu, na hakuna aliyeweza kumwelezea. Kichekesho hakielezeki.

Kwa hiyo, dada, siku ambayo umechoka na kichwa hakitulii, usidhani kichekesho ndicho rahisi. Siku hiyo tazama tamthilia.

Sasa hesabu. Nusu saa kwa siku 5 ni saa mbili na nusu kwa wiki, na kwa mwaka mzima ni saa 130, matangazo yakiwemo. Kichekesho cha mara moja kwa wiki ni saa 26 kwa mwaka. Anayeanza tamthilia ya Kenya leo anaanza jambo la mwaka mmoja hadi miwili. Maria ilianza Oktoba 2019 ikaisha 2021. Kwa mwenye zamu tatu za jioni, sehemu tatu katika tano zaweza kumpita hewani, na atategemea simu na bando. Gharama hiyo ihesabiwe kabla.

Nianze na vichekesho.

Papa Shirandula nilikipa usiku mbili kwa sababu nakipenda. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza bawabu ambaye mkewe anaamini ni mtu mkubwa ofisini. Asubuhi anatoka na suti, kazini anavaa sare ya ulinzi. Basi. Uongo huo mmoja ulibeba kipindi miaka zaidi ya kumi, na sababu ninayoiona ni kuwa haukutungwa kwa ajili ya kuchekesha. Ni uongo ambao mwanamume wa Mombasa anaujua. Hapa tuna watu waliotoka asubuhi na mkoba kwenda kukaa uwanjani Makadara hadi alasiri kwa sababu kazi iliisha na nyumbani hawajasema. Ndiyo maana Wilbroda, mkewe, hachekeshi kwa kuwa mjinga. Anachekesha kwa kuwa anamwamini mumewe kwa moyo wote, na sisi twaona aibu kwa niaba ya Papa. Dadangu, aliyekuwa akituma pesa nyumbani na kusema "niko sawa" hata alipokuwa hayuko sawa, alicheka mpaka akafuta macho, kisha akanyamaza kidogo.

Upungufu wake ni kuwa sehemu hazilingani. Zile zinazotegemea nyumba ya Papa, Wilbroda na Awinja msichana wa kazi ni imara. Zile zinazohama kwenda kwa wahusika wa pembeni na vituko vyao hulegea, na baada ya robo saa watoto waliomba rimoti.

Vioja Mahakamani ni cha zamani kuliko vyote hapa. Kilianza wakati KBC, shirika la utangazaji la taifa, ingali Sauti ya Kenya, jina lililobadilika 1989. Umbo lake halikuchakaa: kuna mshtakiwa, mashahidi, hakimu na hukumu. Kwa nyumba yenye watoto hilo ni zawadi, kwa kuwa kila mtoto aweza kuwa hakimu. Wapwa zangu walisimamisha picha kabla ya hukumu, wakatoa yao, na mkubwa, mwenye miaka 11, akamtetea mwizi wa kuku kwa dakika nzima kwa Kiswahili. Sijamsikia akisema Kiswahili kirefu namna hiyo tangu arudi. Kama ingekuwa ni kwa sababu hiyo peke yake, ningekichagua. Kuigiza kwenyewe ni kwa jukwaani, sauti kubwa na mikono mingi, na picha za zamani hazina mng'aro. Kwa bibi hayo si kasoro.

Njoro wa Uba ni cha kizazi kingine. Joe Kinyua ni dereva wa teksi ya kuitwa kwa simu, na hadithi nyingi zinapita ndani ya gari: abiria anaingia na mzigo wake wa maisha, anashuka, mwingine anaingia. Kati ya vitatu, hiki ndicho chenye uigizaji wa chini kwa chini. Njoro hachekeshi kwa kupayuka. Hukaa kimya, akatazama kioo cha nyuma, nasi twamaliza sentensi wenyewe. Ila lugha yake ni ya Nairobi na Sheng imo tele, na bibi alinitazama mara mbili nimtafsirie. Tena kilitengenezwa kwa chaneli ya kulipia. Kwa dadangu, peke yake, saa nne za usiku baada ya zamu, miguu juu ya stuli, hakuna kinachokishinda. Kwa sebule nzima, hapana.

Tamthilia sasa, na hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo mtu hufungwa.

Jaribio langu la tamthilia ni Ijumaa na Jumatatu. Kila mwandishi wa tamthilia ya siku tano anajua kuwa Ijumaa lazima aache mlango nusu wazi: bunduki imeelekezwa, barua imesomwa, mtu ameingia harusini. Hilo si kazi kubwa. Kazi ni Jumatatu. Je, kilichotokea kimetoka ndani ya tabia ya mtu, au bunduki haikuwa na risasi? Jumatatu ikiwa ya hila mara tatu mfululizo, mimi huondoka. Katika wiki yangu nilitazama sehemu kadhaa za kila tamthilia, za Ijumaa pamoja na za Jumatatu zilizofuata, ili nione Ijumaa zake na Jumatatu zake.

Maria ina mhusika bora. Yatima aliyelelewa mtaa wa mabanda anaingia nyumba ya matajiri, familia ya Hausa, na anampenda Luwi ambaye ana mchumba wake, Sofia. Ukisikia hivyo utasema umeiona mara mia. Kinachoitofautisha ni Maria mwenyewe, aliyeigizwa na Yasmeen Said. Msichana maskini wa tamthilia nyingi hulia mpaka mvulana amhurumie. Huyu hujibu, hupigana, hukosea, huomba radhi kwa kiburi, na hata anapolia huwa na hasira. Jumatatu zake nyingi zilisimama vizuri kwa sababu hiyo: ukimjua Maria, waweza kukisia atafanya nini, na akifanya huoni umedanganywa. Mpwa wangu wa kike, mwenye miaka 8, alianza kutembea kama yeye, mikono mifukoni.

Kasoro ni urefu. Baina ya Maria, Luwi na Sofia kuna kwenda na kurudi ambako kungekatwa nusu pasipo mtu kukosa kitu. Na watoto watauliza maswali ya ndoa na uchumba. Uwe tayari kuyajibu.

Sultana ndiyo iliyonishika. Mwanaasha Johari anaigiza msichana asiyeona, na hadithi imewekwa Pwani, kando ya bahari. Upofu wake umetumika kama kazi ya fundi. Mtu akiingia chumbani kimya, sisi twamwona, yeye hamwoni. Papo hapo kuna wasiwasi, na mwandishi hakuhitaji bunduki wala ajali ya gari. Tena si wa kuhurumiwa tu. Anasikia hatua, anajua harufu, anamshika mwongo kwa sauti yake. Bibi, ambaye jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, alisogeza kiti karibu. Usiku wa pili alifumba macho kabisa dakika kadhaa akasikiliza tu, kisha akasema, "Huyu mwanamume muongo. Msikize anavyomeza mate." Alikuwa sawa. Tamthilia inayoweza kufuatwa na mtu aliyefumba macho ina maandishi mazuri na sauti safi, na hapa nchini hazijai mkono.

Jumatatu zake si zote zilizonipendeza. Wabaya wa Sultana wana njama nyingi kuliko akili, na mara nyingine njama hushindwa kwa kuwa tu mtu amesahau kufunga mlango. Lakini nilirudi kila siku bila kulazimishwa.

Kina inasifiwa kwa haki. Sanaipei Tande, mtoto wa Mombasa aliyejulikana kwanza kwa kuimba, ndiye Nana Tandala, mke katika familia tajiri, na kila anapoingia chumba utahisi hewa imebadilika. Kwa uigizaji wa mtu mmoja, hakuna aliyemfikia wiki hiyo. Ila nayo ilitengenezewa chaneli ya kulipia, na mambo ya familia ya Tandala ni ya watu wazima. Nilizima nilipoona wapwa wametega masikio. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka vya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku viwe vya kutazamika na familia katika runinga za bure, na bodi ya filamu ina alama zake, GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, 16 na 18. Angalia alama hizo kabla hujawaita watoto. Kwa chaneli za kulipia na za mtandaoni, jicho la mzazi ndilo la kwanza.

Limebaki jambo linaloniuma, la lugha, na kwa familia ya Mombasa naliweka juu ya mengine yote.

Mpwani wa runinga ya Kenya kwa miaka mingi amekuwa mtu mmoja: amelala chini ya mnazi, au ana jini, au anasema "yakhe" kila baada ya pumzi. Sijapata kumsikia kijana wa Kibokoni akisema "yakhe" mara nne kwa dakika moja. Wakati huohuo yale ambayo kweli twayasema, "ndoo hapa" kwa njoo hapa, "yuwaja" kwa anakuja, "mato" kwa macho, "nti" kwa nchi, huyasikii. Muigizaji amepewa kanzu na kofia na lafudhi ya kubahatisha, na mtoto wa Majengo anatazama na kujifunza kuwa kwao ni kichekesho. Nilikuwa na miaka 9 nilipoanza kuona haya kusema kama bibi mbele ya wageni kutoka bara. Sitaki wapwa zangu wapite hapo.

Mtu ataniambia vichekesho vyetu vyote vimejengwa juu ya lafudhi. Ni kweli kwa sehemu. Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa Vitimbi, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili cha Mjaluo, na alipofariki 2015 nchi nzima, Wajaluo wakiwemo, ilimlilia. Lakini Ojwang' alikuwa na kiburi, wivu, huruma, mke wa kugombana naye na heshima ya kuilinda. Ukiondoa lafudhi, mtu anabaki. Mpwani wa kipindi nilichokiona usiku mmoja, nilipokuwa nikibadilisha chaneli, ukiondoa "yakhe" hakubaki na kitu. Nikakizima.

Kwa kipimo hicho Sultana iko mbele. Rashid Abdalla na Lulu Hassan, waliosimamia Maria, Zora na Sultana, walijulikana kwa kusoma habari za Kiswahili, na sikio lao lasikika. Watu wa Sultana wanakosana, wanaoana, wanadanganyana na kuzikana kwa Kiswahili kisichoomba radhi. Bibi hakuniomba tafsiri hata mara moja. Maria ina Sheng yake, na ni haki yake, kwa kuwa msichana huyo ni wa mtaa wa Nairobi. Papa Shirandula ina Kiswahili cha mtu wa magharibi mwa nchi, chenye uzito na uchangamfu wake, nacho ni cha kweli. Anayetaka Kiswahili kinachofanana zaidi na chetu atakipata pia katika Huba au Jua Kali, tamthilia za Dar es Salaam zilizotengenezewa chaneli ya Maisha Magic Bongo, na sisi wa Mombasa tumezoea kuwasikia majirani hao tangu zamani. Sikuziweka katika wiki yangu kwa sababu dadangu aliuliza vya nyumbani.

Usiku wa saba stima ilipotea saa mbili kasorobo, katikati ya Sultana. Kawaida kila mtu huchukua simu yake. Safari hii tulikaa gizani na bibi akamalizia sehemu iliyobaki kwa mawazo yake, akampa kila mhusika sauti, na yule mwongo akamfanyia harusi iliyovunjika mbele ya kadhi. Watoto walikataa kulala.

Basi haya ndiyo niliyomwambia dadangu asubuhi, kwa mahamri na mbaazi. Sebule nzima: Sultana, tangu sehemu ya kwanza, kila siku ulipo nyumbani. Ukiwa zamu, bibi atakusimulia, na kwa tamthilia hiyo masimulizi yake yanatosha. Jumamosi: Vioja Mahakamani, na simamisha kabla ya hukumu. Papa Shirandula uiweke kwa siku wageni wapo, mkiwa mmekaa wote na hakuna wa kuinuka dakika za mwanzo. Njoro wa Uba ni yako, peke yako, ukirudi Nyali. Maria ingoje likizo ya Desemba, mtoto wako wa kike atakuomba mwenyewe. Kina ingoje watoto wakue, au walale.

Akaniuliza kama hawezi kuanza na Maria, kwa kuwa wenzake wa Doha walikuwa wakiitaja sana. Nikamwambia yaweza kuwa, ila amuulize bibi kwanza. Bibi alikuwa tayari amevuta kiti mbele ya runinga, na ilikuwa ingali saa tatu ya asubuhi.